Ukiona Bluu, Uliza Kaibeba Nani

Slaidi sita nilizoharibu mwaka wangu wa kwanza maabara, zote ziliponzwa na kibanio. Nilikuwa nimetia vipande vya ubongo kwenye dawa ya kusaka chuma, kisha nikavichomoa kwa kibanio cha kawaida kilichokuwa mezani, chenye kutu kwenye meno. Dokta alipoinamia hadubini alinyamaza muda mrefu. Akasogeza slaidi huku na huku, akaniita: "Dada, huyu marehemu alikuwa anameza misumari?"

Bluu ilikuwa imetapakaa kila mahali. Ilikuwa juu ya seli, kati ya seli, hata kwenye kioo kitupu pasipo na nyama. Nilirudia kazi yote kwa kibanio cha plastiki na maji yasiyo na madini, jamii ya yale yanayouzwa madukani kama maji ya betri, maana ya bomba yetu yalipita kwenye mabomba yaliyoshika kutu kabla sijazaliwa. Safari hii bluu ilibaki mahali pachache tu, imejikusanya ndani ya viduara. Dokta akanipa neno nililokaa nalo mpaka nimestaafu: "Bluu haina miguu. Ukiiona, uliza kaibeba nani."

Nilikata na kupaka rangi vinyama vya wagonjwa kwa miaka 31, Dar es Salaam, kwenye chumba chenye harufu ya fomalini inayokufuata hadi nyumbani. Watu humjua daktari aliyesoma jibu. Yule aliyekizamisha kinyama kwenye nta, akakikata vipande vyembamba hivi kwamba 200 vikipangwa ndipo vinatimia milimita moja, akavielesha kwenye maji ya uvuguvugu na kuvizoa kwa kioo bila kuvikunja, huyo hana jina. Silalamiki. Basi, nalalamika kidogo.

Rangi ya kusaka chuma ina umri mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 mafundi rangi wa Berlin, inasimuliwa, walikuwa wakitafuta nyekundu wakaambulia bluu kali. Mwaka 1867 Mjerumani Max Perls akaigeuza kuwa kipimo. Perls hakupaka bluu kwenye nyama. Aliiacha nyama ijitengenezee. Unachukua potasiamu ferosianidi, ambayo ikiyeyushwa ni maji ya manjano hafifu, na asidi ya hidrokloriki. Unavichanganya nusu kwa nusu dakika ile ile ya kutumia, unazamisha slaidi. Asidi inalegeza chuma kilichojishikiza kwenye nyama, nacho kikikutana na ferosianidi bluu inazaliwa pale pale kilipokuwa kimelala. Nusu saa inatosha. Mwisho unapaka nyekundu hafifu ili seli zionekane, na bluu inajitokeza kama uzi wa rangi nyingine kwenye kanga.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wa udaktari walikuwa hawaniamini mpaka niwaonyeshe. Damu mbichi haishiki bluu. Damu ndiyo yenye chuma kingi kuliko kitu chochote mwilini, kila hemoglobini moja imebeba atomi nne, na bado ukiitia kwenye dawa ya Perls inabaki vile vile. Chuma chake kimefungiwa ndani kama sarafu kwenye kibubu, na asidi yangu haina nguvu ya kuvunja kibubu. Lazima atokee wa kukivunja, na huyo ni seli iliyo hai. Inameza damu iliyomwagika, inaipasua, inatoa chuma na kukiweka akiba. Hapo ndipo bluu inakubali.

Kwa hiyo mtu akivuja damu kichwani asubuhi akafa jioni, ningepaka rangi hadi kesho nisipate doa. Akiishi siku mbili tatu, bluu ya kwanza inaanza kuonekana. Ndiyo maana madaktari wanaotoa ushahidi mahakamani huiulizia slaidi hii: aliyeumia jana hawezi kuwa na bluu ya wiki iliyopita.

Hata kama hujaingia maabara, umeyaona haya kwa macho. Jicho lililopigwa ngumi huwa zambarau, likawa kijani, likawa manjano, likaishia ukahawia. Ule ukahawia wa mwisho ni chuma cha akiba, hemosiderini. Kwenye ngozi huondoka taratibu. Ubongoni hukaa miaka na miaka.

Namkumbuka mmoja ambaye sikujua jina lake, ila umri na maneno kwenye fomu: ajali ya pikipiki. Ajali ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Kilichomuua ni homa ya mapafu. Ubongo mbichi haukatiki, ni laini kama mtindi, hivyo tuliuning'iniza kwa uzi kwenye ndoo ya fomalini usije ukaegemea ukuta na kubonyea. Baada ya wiki mbili ulikuwa umekaza. Niliutoa kwa mikono miwili, nikaugeuza. Upande wa chini wa sehemu ya mbele, juu kidogo ya yanapokaa macho, palikuwa na bonde dogo lenye rangi ya chai ya rangi iliyomwagikia kitambaa cha meza. Fuvu la hapo lina sakafu yenye matuta. Kichwa kikigonga lami, ubongo huteleza juu ya matuta hayo ukachubuka.

Nilikata vipande viwili vinavyofuatana. Cha kwanza nilikitia kwenye dawa ya Perls. Cha pili nilikitia kwenye dawa ya kingamwili inayotafuta protini ya seli ziitwazo astrosaiti na kuipaka kahawia. Tukaviweka kwenye hadubini mbili, Dokta huku, mimi kule, tukawa tunabadilishana viti.

Katikati ya bonde hapakuwa na seli za neva hata moja. Palikuwa na seli za mviringo, zimevimba, zimeshiba bluu mpaka kiini chake kimesukumwa pembeni. Pembezoni mwake, kwenye slaidi ya kahawia, astrosaiti zilikuwa zimenenepa na kurefusha mikono, mikono imepitana na kusukana kama ukili wa mkeka. Mkeka ule ulizunguka bonde lote, umetenga palipokufa na palipo hai. Na kwenye ukingo, nikisogeza slaidi kwa ukucha, nikaona seli ya neva moja iliyokufa ikiwa imesimama, imevaa koti la madini, bluu tupu. Nilimwita Dokta aje aione. Alisema, "Mama, hiyo ni kaburi lenye zege." Kufikia wakati huo nilikuwa nimeshapanda cheo kutoka dada kuwa mama.

Hizo za mviringo na hizo za mkeka zote huhesabiwa kundi moja, seli za glia. Rudolf Virchow wa Ujerumani ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1856, akitumia neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa kuwa aliona ubongo ni seli za neva na kilichobaki ni cha kuzishikilia tu. Dharau hiyo ilidumu sana. Seli za neva ni kama bilioni 86 kwa mtu mzima, na hizi zisizo za neva zinakaribiana nazo kwa idadi, lakini shuleni hakuna aliyenifundisha habari zake zaidi ya mistari miwili.

Aliyeniondolea dharau ni Mhispania, Pío del Río Hortega. Nampenda kwa sababu alikuwa mtu wa rangi kama mimi. Mwaka 1919, huko Madrid, alitumia chumvi ya fedha kupaka vipande vya ubongo na kuzitenga seli ndogo ambazo wenzake walikuwa wakizichanganya na nyingine. Akaziita mikroglia. Akasema zinatembea, zinameza uchafu, na zikikutana na ugonjwa zinabadili umbo. Aliyaona yote hayo kwenye nyama iliyokufa. Mwaka 2005 watafiti walipochungulia ubongo wa panya hai kwa hadubini ya leza, walikuta mikroglia zikinyoosha na kukunja mikono bila kupumzika, zinapapasa kila kona kama mlinzi mwenye tochi. Hortega alikwisha kufa mwaka 1945, uhamishoni Buenos Aires.

Mikroglia ikikuta damu iliyovilia, inavuta mikono yake ndani, inakuwa duara, inaanza kula. Wataalamu husema seli imeamka, au imepandwa na hasira. Mimi napenda kusema imekunja mikono ya shati. Chuma inachokitoa inakitia kwenye feritini, kijighala cha protini chenye vipande 24 na nafasi ya atomi zipatazo 4,500. Chuma kikiwa ndani ya ghala hakina madhara. Shida huja mzigo ukizidi maghala. Yanabanana, yanavunjikavunjika, yanakuwa mabonge ya hemosiderini, na chuma kingine kinabaki nje kikizurura.

Unaijua ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi. Kila seli mwilini hutengeneza kiasi kidogo cha kemikali hiyo kila siku na kuiondoa. Mwingereza Henry Fenton alionyesha mwaka 1894 kwamba ikikutana na chuma inageuka kuwa kitu kikali mno. Ndani ya seli, kitu hicho huunguza mafuta ya ganda lake, na ubongo ni kiungo chenye mafuta mengi. Kifo cha seli cha namna hii kilipewa jina mwaka 2012, feroptosisi.

Hapa ndipo swali la Dokta linapogeuka kuwa gumu. Mikroglia iliyobeba chuma kupita kiasi inaanza kupiga kelele, inamwaga kemikali za uvimbe. Kemikali hizo zinaamsha mikroglia jirani na kunenepesha astrosaiti. Na seli zikishaamka namna hiyo zinameza chuma zaidi na kukibana zisikitoe, kwa kuwa mwili mzima una desturi hiyo: ukihisi maambukizi, unaficha chuma ili bakteria wakikose. Desturi nzuri kwa kidonda cha mguuni. Ndani ya ubongo, ambako mara nyingi hakuna bakteria yeyote, mfagiaji anaendelea kujaza gunia mgongoni kwa ajili ya adui asiyekuwapo.

Sasa nani alianza, chuma au hasira za glia? Kwa yule wa pikipiki jibu ni rahisi, damu ilimwagika kwanza. Lakini kuna watu wasiowahi kugonga kichwa wala kuvuja damu, na bado ubongo wao umejaa bluu.

Baadhi yao ni wa kurithi. Mwaka 2001 wanasayansi walieleza familia za Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, zenye hitilafu kwenye jeni ya feritini yenyewe. Ghala limejengwa vibaya, chuma kinavuja, na mtu anapofika utu uzima mikono na miguu inaanza kujipinda bila kutaka. Japani, mwaka 1987, ilielezwa hitilafu nyingine, ya protini ambayo astrosaiti huitumia kutolea chuma nje. Mlango umefungwa, chuma kinajaa ndani ya astrosaiti hadi zinaharibika umbo. Katika magonjwa haya mawili mwanzo umo kwenye namna chuma kinavyotunzwa, na glia huamka baadaye.

Ugonjwa wa kurithi uliotangulia kujulikana kati ya haya ulielezwa mwaka 1922 na Wajerumani Julius Hallervorden na Hugo Spatz, ukabeba majina yao kwa muda mrefu. Baadaye dunia ikajua kwamba Hallervorden alijikusanyia mamia ya bongo za wagonjwa waliouawa na utawala wa Wanazi. Majina yameachwa, siku hizi ugonjwa unatajwa kwa jeni yake, PANK2. Mimi niliyeshika bongo za watu kwa mikono yangu, nikijua kila moja ina mama yake, naona hilo ni jambo dogo lililochelewa.

Kwenye ugonjwa wa MS, ambao kinga ya mwili hushambulia ganda la mafuta linalozunguka nyuzi za neva, chuma hukaa kama pete kwenye ukingo wa baadhi ya madonda. Zinazovaa pete hiyo ni mikroglia. Madonda ya namna hiyo huendelea kuungua chini kwa chini kwa miaka, kama moto wa pumba. Protini ile ya astrosaiti niliyoipaka kahawia, Mmarekani Lawrence Eng na wenzake ndio walioieleza mwaka 1971 baada ya kuitoa kwenye makovu ya wagonjwa wa MS.

Na kwetu? Malaria ya ubongo huacha vitone vya damu vyenye umbo la pete kuzunguka mishipa midogo. Mgonjwa akiishi siku kadhaa kabla ya kufa, glia hukusanyika pale zikafanya kifundo, kinachoitwa kwa jina la Mjerumani Hermann Dürck. Slaidi za malaria zina mtego wake: zinajaa chembe nyeusi za vimelea, nazo zina chuma, lakini hazishiki bluu. Kimelea naye amekifungia chuma kwenye kibubu chake. Fomalini iliyochacha pia huacha chembe za kufanana na hizo, na ole wake mwanafunzi asiyeziosha kwanza kwa asidi ya pikriki.

Watu wakisikia haya huuliza, basi si tukiondoe hicho chuma? Limejaribiwa. Katika ugonjwa wa Parkinson, chuma huongezeka kwenye sehemu nyeusi ya shina la ubongo ambako seli za neva zinakufa. Ulaya walichukua wagonjwa 372 waliogunduliwa karibuni na ambao hawajaanza levodopa, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Wengine wakapewa deferiproni, dawa inayonasa chuma na kukitoa, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 36. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Picha zilionyesha chuma kimepungua kweli. Na waliopewa dawa walizidiwa kuliko wenzao.

Nilipoyasoma hayo sikushangaa sana. Kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini, kemikali ile ile inayowapungukia wagonjwa wa Parkinson, hakifanyi kazi bila chuma. Glia ziitwazo oligodendrosaiti nazo hukihitaji kufuma ganda la nyuzi za neva, ndizo zenye chuma kingi kuliko seli nyingine kwenye ubongo mzima wa afya. Mwaka 1958 Wasweden Hallgren na Sourander walipima wakakuta fungu moja la ndani, globasi palidasi, lina miligramu 21 za chuma kwa kila gramu 100, zaidi ya ini lenye kama 13. Hicho si kutu. Ukipita na sumaku ukizoa kila chuma unachokutana nacho, unaondoka pia na misumari iliyoshika paa. Dawa itakayofaa, kwa hesabu yangu mimi fundi wa rangi, itabidi iulize kwanza kama Dokta: kaibeba nani?

Nimeshapigiwa simu na shangazi mmoja aliyenisikia nikieleza haya msibani, akataka binti yake mjamzito aache vidonge vya kuongeza damu. Shangazi, hapana. Chuma cha mchicha, maini na vidonge hakiendi moja kwa moja kichwani; kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na astrosaiti zimeushika kwa miguu yake upande wa ndani. Ubongo wa mtoto unaokosa chuma ndio unaoumia. Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha watoto wadogo waliopewa chuma kwa miezi 12 walisogea mbele katika lugha. Pemba hiyo hiyo, mwaka 2006, ilichapishwa kwamba kugawa chuma na asidi ya foliki kwa watoto wachanga na wadogo bila kuwapima, kwenye malaria nyingi, kuliongeza ugonjwa mkali na vifo. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza, na mjamzito ameze alichoandikiwa kliniki.

Kazi yangu ya rangi sasa inafanywa na mashine mtu akiwa bado anapumua. Chuma huivuruga sumaku ya MRI, na picha inatoa doa jeusi pale ambapo mimi ningepata bluu. Lakini doa jeusi halisemi limetoka wapi. Linaweza kuwa la damu iliyovilia miaka mingi nyuma, kwenye ajali ambayo mgonjwa mwenyewe ameisahau. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walidunga chumvi ya chuma kwenye ubongo wa panya, na panya hao wakapata degedege. Huenda ndiyo sababu mtu aliyevuja damu kichwani anaweza kuanza kifafa muda mrefu baada ya jeraha kupona kwa nje, na nyumbani wakaanza kutafuta jini aliyemwingia.

Ukienda kupimwa kichwa, au ukimpeleka mzee wako, mtajie daktari kila ajali: ile ya bodaboda, ile ya kuanguka kwenye mnazi utotoni, hata ile ngumi ya harusini. Mtajie na mwaka.